Maswali ya Wasomaji: DNA ya Mdudu Kutoka Mguuni Hadi Kwenye Jeli

Barua za mwezi huu zimetoka sana ukanda wa ziwa na Bonde la Ufa. Karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: DNA ya mdudu inakuzwaje maabarani, na jibu linalotoka huko liaminiwe lini. Tumezifupisha barua, majibu tumeyaacha yalivyo.

*Wanafunzi wangu wa Kidato cha Nne wananiuliza PCR ni nini hasa. Naomba maelezo ninayoweza kuyaandika ubaoni bila kuwapotosha.*
Mwalimu wa Biolojia, Busia

Mwalimu, PCR ni njia ya kunakili sehemu moja ya DNA mara nyingi. Chora nyuzi mbili za DNA zilizoshikana kama zipu. Joto la nyuzi 94 za selisiasi linaifungua zipu. Halijoto ikishuka hadi karibu 50, vipande vifupi viwili vya DNA vilivyotengenezwa kiwandani, tunavyoviita praima, vinashika mahali pake, kimoja kila upande wa sehemu unayoitaka. Ikipanda hadi 72, kimeng'enya cha Taq kinaanzia kwenye praima na kujenga uzi mpya. Huo ni mzunguko mmoja, na uliyekuwa na nakala moja sasa unazo mbili. Mizunguko 30 ingekupa nakala 1,073,741,824 kama kila mmoja ungeongeza maradufu kikamilifu. Kwa kweli haufiki hapo, maana malighafi hupungua na kimeng'enya huchoka.

Kary Mullis alipobuni njia hii mwaka 1983, kimeng'enya kilichotumika kilikufa kwa joto, ikabidi kingine kiongezwe kila mzunguko. Taq ilimaliza taabu hiyo. Inatoka kwa bakteria Thermus aquaticus, aliyepatikana katika chemchemi za moto za Yellowstone, Marekani. Mwanafunzi aliyewahi kuona maji yakitokota kando ya Ziwa Bogoria ataelewa haraka kwa nini kiumbe wa mahali kama hapo ana kimeng'enya kisichoogopa nyuzi 94.

Jambo moja liandike kwa herufi kubwa: mashine ya PCR, inayopandisha na kushusha joto hilo, haimjui mdudu wako. Inakuza chochote ambacho praima zimekishika, kiwe ni cha mbu, cha nyigu aliyejificha ndani ya kiwavi, au cha tone lililobaki juu ya meza tangu juzi. Barua nyingi zinazofuata zinatokana na hilo.

*Tunakusanya mbu wa malaria karibu na mashamba ya mpunga ya Ahero. Kwa darubini wote tunawaandika Anopheles gambiae, lakini msimamizi wetu anasema haitoshi. Tufanye nini, na mistari ya jeli tuisomeje?*
Mwanafunzi wa stashahada ya maabara, Kisumu

Msimamizi wako ana haki. Jina hilo ni la kundi zima la mbu wanaofanana kwa kila hali, na kwenu wawili ndio muhimu: Anopheles gambiae mwenyewe na Anopheles arabiensis. Gambiae hupenda damu ya binadamu na hupumzika ndani ya nyumba. Arabiensis huuma ng'ombe pia na mara nyingi hupumzika nje, kwa hiyo neti na dawa ya ukutani hazimpati vizuri. Neti zilipoenea magharibi mwa Kenya, gambiae alipungua na uwiano wa arabiensis ukapanda. Ukiwaandika wote kwa jina moja, mabadiliko makubwa kama hayo hutayaona.

Mgawe mbu kabla ya yote. Mkate kati ya kifua na tumbo. Kichwa na kifua ni vya kutafuta vimelea vya malaria, maana tezi za mate ziko kifuani. Tumbo ni la kupima damu aliyokunywa. Kwa spishi chukua mguu mmoja au miwili tu. Wengine humsaga mbu mzima ili wapate DNA nyingi, na hapo ndipo wanapojiharibia: damu iliyo tumboni na rangi ya macho hukizuia kimeng'enya. Mguu unatosha kwa sababu sehemu mnayoitafuta, iliyo kati ya jeni za RNA ya ribosomu, imejirudia mara mamia katika kila seli.

Weka mguu katika mikrolita 100 za mchanganyiko wa Chelex (chembe za kutolea DNA) wa asilimia 5, uponde kwa kijiti cha plastiki, chemsha dakika 15 hadi 20, kisha zungusha kwenye sentrifuji kwa kasi kubwa dakika 2. Chota maji ya juu peke yake. Chembe za Chelex zikiingia kwenye tyubu ya PCR zitanyakua magnesiamu, na bila magnesiamu Taq haifanyi kazi. Kosa hili hutokea kila siku, na dalili yake ni jeli nyeusi tupu, isiyo na mstari. Jeli ni ute mgumu ambamo umeme hupitisha DNA, na vipande vya ukubwa mmoja hukusanyika kuwa mstari.

Praima ni hizi: ya pamoja UN (GTGTGCCCCTTCCTCGATGT), ya gambiae AG (CTGGTTTGGTCGGCACGTTT) na ya arabiensis AR (AAGTGTCCTTCTCCATCCTA). Kwa tyubu moja ya mikrolita 25 weka, kwa mikrolita: bafa (maji ya kutuliza asidi) ya 10X, 2.5; kloridi ya magnesiamu ya milimola 25, 1.5; dNTP, yaani malighafi ya kujengea DNA (milimola 10 kila moja), 0.5; kila praima ya mikromola 10, 1.0; Taq yenye yuniti 5 katika kila mikrolita, 0.2; DNA, 1.0; na maji, 16.3. Soma kibandiko cha bafa kwanza: nyingine huja na magnesiamu ndani, na ukiongeza juu yake utapata mistari usiyoitegemea. Ukiwa na tyubu 20, tengeneza mchanganyiko wa 22, kwa sababu pipeti hula kidogo kidogo. Taq iwe ya mwisho kuingia. Imo kwenye gliseroli nzito inayozama chini, kwa hiyo changanya kwa kunyonya na kurudisha taratibu.

Mashine iwekwe nyuzi 95 kwa dakika 5, halafu mizunguko 30 ya nyuzi 95, 50 na 72, kila hatua sekunde 30, na mwisho nyuzi 72 kwa dakika 5.

Gambiae atatoa mstari wa jozi za besi (herufi za DNA) 390, arabiensis 315. Tofauti ni jozi 75 tu, hivyo jeli ya asilimia 1 itawachanganya. Tumia gramu 2 za agarosi (unga wa kutengenezea jeli) kwa mililita 100 za bafa, volti 100, karibu saa moja. DNA ina chaji hasi na hukimbilia upande wa waya mwekundu. Visima viwe upande wa waya mweusi, la sivyo sampuli zako zitatokea nyuma na kumwagika kwenye bafa. Pembeni weka lada, yaani DNA ya ukubwa unaojulikana. Weka pia mbu ambaye spishi yake imeshathibitishwa. Maabara nyingi duniani zinafuga aina ya gambiae iitwayo Kisumu, iliyotokana na mbu wa huko kwenu, na inafaa sana kwa kazi hii. Kama mnatia jeli rangi ya ethidiamu bromidi, vaeni glavu na msiitupe kwenye sinki. Hushikamana na DNA na inadhaniwa kuleta madhara kwa chembe za urithi.

Ukiona 390 na 315 kwa mbu mmoja, usikimbilie kusema ni chotara. Machotara wapo ila ni adimu; miguu ya mbu wawili kuchanganyika kwenye kichupa kimoja ni jambo la kawaida. Rudia kwa mguu mwingine uliobaki mwilini, usiokote uliolegea chini ya kichupa.

Usipoona mstari, punguza DNA mara 10 kwa maji kisha rudia, kwa kuwa vitu vinavyokizuia kimeng'enya navyo hupungua. Ikishindikana, mrudie mbu kwa darubini: huenda ni wa kundi la funestus, na hao wana praima zao (funestus mwenyewe hutoa 505, rivulorum 411, leesoni 146). Na akibaki bila mstari hata hapo, mhifadhi. Anopheles stephensi, mbu wa Asia anayezaliana kwenye matangi ya maji mijini, aliripotiwa Kenya katika Kaunti ya Marsabit mwishoni mwa 2022, na kilichothibitisha ni kusoma mfuatano wa DNA, yaani herufi zake moja baada ya nyingine. Mbu kama huyo praima zenu hazitamwona kamwe.

Nyongeza ndogo: jeni ya COI, iliyo kwenye DNA ya mitokondria na inayotumika kama msimbopau (kitambulisho cha spishi) wa wanyama, isitumike kuwatenganisha gambiae na arabiensis. Spishi hizi zimewahi kubadilishana DNA ya mitokondria na bado zinashiriki mifuatano ile ile.

*Nilikusanya viwavi wa mahindi kwa wakulima, nikawaweka kwenye chupa ya spiriti ya dukani, nikawapeleka maabara baada ya miezi miwili. Nimeambiwa DNA imeharibika. Kosa langu ni lipi?*
Afisa wa ugani, Kakamega

Ni spiriti, joto na muda, vyote pamoja. Spiriti ya kuoshea vidonda ina maji mengi, na katika maji vimeng'enya vya mdudu mwenyewe huendelea kukatakata DNA. Kiwavi naye ni mfuko wa maji: ukimtumbukiza mzima, mnono, anaipunguza nguvu hata ethanoli nzuri, na ngozi yake huichelewesha isifike ndani.

Nunua ethanoli ya asilimia 95 au zaidi. Iwe angalau mara 10 ya ujazo wa viwavi, na umtoboe kila mmoja mahali pawili kwa pini kabla ya kumtia. Baada ya saa 24 mwaga ethanoli hiyo, ambayo itakuwa imegeuka kijani au kahawia, uweke mpya. Andika kwa penseli kwenye kipande cha karatasi na ukitie ndani ya kichupa. Wino wa kalamu huyeyuka, na sampuli isiyojulikana ilitoka shamba gani haina kazi. Hifadhi kwenye friji, na kama hakuna, mahali penye kivuli na baridi. Formalini usiikaribie, kwa kuwa hufungamanisha DNA na protini hata mashine isiweze kuisoma. Unapotuma kwa basi, mwaga ethanoli uache pamba iliyolowa tu, maana ethanoli ni moto unaosubiri cheche.

Kwa wadudu wadogo wakavu kama mbu, silika, inayonyonya unyevu, inatosha: chembe zake chini, pamba juu yake, mbu mmoja kila kichupa. Hewa ya kando ya ziwa ina unyevu, kwa hiyo itazame rangi. Ya bluu ikigeuka waridi, au ya machungwa ikigeuka kijani, imeshiba. Ikaushe kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa saa chache. Mbu waliouawa nyumbani kwa dawa ya pareto hawana tatizo, ili mradi waokotwe mapema na kukaushwa siku hiyo hiyo.

Chupa yako ya zamani usiitupe. DNA iliyokatika haitoi kipande kizima cha COI cha jozi 658, lakini praima za kipande kifupi cha jozi kama 130 mara nyingi hufaulu, na urefu huo hutosha kumtenga kiwavi jeshi vamizi na funza wa mabua.

Tungependa pia kukuokolea pesa. Kiwavi jeshi vamizi aliyekomaa hahitaji PCR. Ana alama ya Y iliyogeuzwa kwenye uso, na madoa manne meusi yaliyopangwa mraba kwenye pingili ya pili kutoka mwisho. DNA iwe ya mayai, ya viwavi waliotoka kuanguliwa, na ya mabaki yaliyopondeka.

*Kwa wiki tatu tyubu yetu ya maji, isiyo na DNA yoyote, inatoa mstari. Tumebadilisha Taq, tumeosha meza, bado. Tunapima vidukari wa ngano kwa praima za COI, LCO1490 na HCO2198.*
Fundi wa maabara, Njoro

Kwanza utazame mstari wenyewe uko wapi. Ukiwa chini kabisa ya jeli, chini ya jozi 100, na umetanda kama ukungu, hizo ni praima zilizoshikana zenyewe kwa zenyewe. Punguza praima, pandisha halijoto ya kushika nyuzi 2 au 3, mambo yaishe. Ukiwa karibu na jozi 700, sawasawa na wa vidukari, mna uchafuzi.

Fikiri ukubwa wake. Nanogramu 100 za kipande cha jozi 700 ni nakala zaidi ya bilioni 100. Ukifungua tyubu iliyokwisha kupikwa, kifuniko huruka na ukungu usioonekana, na ukungu huo una mamilioni ya nakala tayari kwa praima zenu. Unatua kwenye pipeti, kwenye mkono wa koti, kwenye mpini wa friji. Ndiyo maana kubadilisha Taq hakukusaidia. Taq ndiyo inayochafuka mara chache kuliko vyote. Sisi tungeanza kuyashuku maji, kwa sababu chupa yake hufunguliwa na kila mtu.

Msibahatishe. Andaeni tyubu sita, zote bila DNA. Ya kwanza iwe na vitendanishi (viungo vya PCR) vyenu vya zamani vyote. Ya pili ibadilishwe maji tu, ya tatu praima tu, ya nne bafa na dNTP, ya tano Taq, na ya sita iwe na kila kitu kipya. Kati ya tyubu mbili hadi tano, itakayotoka safi imewaonyesha mkosaji. Ya sita ikiwa safi na nyingine zote zina mstari, vimechafuka zaidi ya kimoja. Tupeni vyote, inauma lakini ni nafuu kuliko wiki ya nne. Hata ya sita ikiwa na mstari, vitendanishi vinasingiziwa: shukuni pipeti au chumba.

Pipeti ifunguliwe sehemu ya chini, ioshwe kwa sabuni, ilowekwe dakika 10 kwenye klorini ya kufulia iliyochanganywa sehemu 1 kwa maji sehemu 9, isuuzwe vizuri na kukaushwa. Klorini hiyo itengenezwe siku ile ile, kwani ikilala hupoteza nguvu. Meza nayo ipanguswe kwa klorini, kisha kwa maji ili vyuma visiliwe. Ethanoli ya asilimia 70 huua bakteria lakini DNA inaiacha pale pale, na wengi hudanganyika kwa harufu yake. Hata otoklevu (chungu cha mvuke) haiaminiki kufuta vipande vifupi.

Halafu mpango wa chumba. Mchanganyiko uandaliwe mahali ambapo tyubu iliyopikwa haifiki kamwe, hata kama ni kabati dogo lenye taa ya UV. Mahali hapo pawe na pipeti zake, ncha zenye kichujio, na koti lake. Mtu anayetoka chumba cha jeli asirudi huko hadi kesho. Gaweni maji na praima kwenye vichupa vya mikrolita 50, kikitumika siku moja kinatupwa. Kila tyubu ya PCR izungushwe kidogo kwenye sentrifuji kabla ya kufunguliwa ili matone ya kifunikoni yashuke.

Kama bajeti inaruhusu, tumeni mstari wa maji yenu ukasomwe mfuatano. Praima hizo hushika karibu kila mnyama asiye na uti wa mgongo. Ukitoka kidukari wenu, ni nakala zenu zinazunguka. Ukitoka mdudu ambaye hamjawahi kumpima, chanzo kiko nje ya kazi yenu, pengine kwa jirani mnayetumia naye vifaa.

Na matokeo ya wiki hizi tatu? Hayafai. Tunajua ni maneno mazito, lakini kidukari aliyetoa mstari siku ambayo maji nayo yalitoa mstari hajathibitisha chochote. Rudieni kwa DNA iliyobaki, na mwongeze tyubu tupu ya pili: ile inayoanza tangu siku ya kutoa DNA, yenye Chelex bila mdudu. Ya maji huchunguza PCR peke yake.

*Kiwavi nilimwona kwa macho yangu, lakini mfuatano umerudi ukisema ni nyigu. Maabara imenichanganyia?*
Mwanafunzi wa shahada ya uzamili, Nakuru

Huenda maabara haina kosa. Nyigu wadogo hutaga ndani ya viwavi, na buu wa nyigu akikua anaweza kujaza nusu ya tumbo. Kwa kiwavi jeshi vamizi Kenya kuna Cotesia icipe, nyigu wa hapa hapa Afrika aliyepewa jina la kisayansi mwaka 2017. Ukisaga tumbo unasaga wote wawili, na praima humkuza aliyewapendeza zaidi. Chukua kichwa au miguu ya mbele, na utapata kiwavi. Tumbo nalo lipime kwa makusudi, maana kujua ni nyigu yupi na ni asilimia ngapi ya viwavi anawakamata ni utafiti mzuri kuliko ulioanza nao.

Mfuatano wenye vilele (alama za herufi kwenye chati) viwili kila nafasi ni dalili ile ile. Ukirudi na jina Wolbachia, hao ni bakteria waishio ndani ya seli za wadudu wengi. Praima za COI huwashika mara moja moja.

*Stima hukatika katikati ya PCR, na hatuna jenereta. Je, tunaweza kutumia mabeseni ya maji moto badala ya mashine?*
Kikundi cha vijana wa sayansi, Nakuru

Inawezekana, na ndivyo kazi hii ilivyoanza: mabeseni matatu, saa ya ukutani, na mtu wa kuhamisha tyubu. Funika kila sampuli kwa tone la mafuta ya madini ili isikauke.

Tatizo lenu ni mwinuko. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari, na maji huchemka huko karibu nyuzi 94; Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi, ni karibu 96. Beseni la nyuzi 95 la maji matupu hamtalipata, na likitokota huwezi kulipima vizuri. Tumieni gliseroli au mafuta katika beseni hilo, au bonge la chuma lenye joto kavu, na hatua hiyo iwe dakika nzima. Kwa sababu hiyo hiyo, maelezo yanayosema chemsha Chelex kwa nyuzi 100 kwa dakika 10 kwenu yasomwe dakika 20.

Stima ikikatika katikati, andika mzunguko uliofikia. Tyubu zikiwa zimefungwa, Taq haiharibiki kwa saa moja mezani. Kamilisha mizunguko iliyobaki kwa ajili ya kuangalia jeli. Kama unatuma kusomwa mfuatano, anza upya. Friza isifunguliwe stima ikiwa imepotea. Taq huvumilia saa kadhaa, ila dNTP huharibika kila inapoyeyuka na kuganda, kwa hiyo zigaweni kwenye vichupa vidogo siku zinapofika na mwandike tarehe juu ya kila kimoja.